Nguzo Chini ya Sakafu

Dhoruba ilipotulia, bahari ilikuwa imeondoka na nusu ya sakafu ya Arnaq. Alishuka kwenye tope la barafu kutafuta sufuria zake, akakuta kipande cha nguzo nyekundu kimesimama pale palipokuwa na kitanda chake.

Nguzo nyekundu zilikuwa kazi ya marehemu baba yake. Kila bahari ilipovamia mji, alichimbia moja pale maji yalipokomea, ili watu wajenge nyuma yake. Hii ilikuwa imekatwa kwa msumeno, karibu kabisa na ardhi.

Kaka yake, Minik, aliteremka kutoka nyumbani kwake kilimani, amebeba blanketi. Ndiye aliyegawa viwanja vya urithi, na sakafu ile aliipigilia mwenyewe.

"Pole, dada. Nani angejua maji yatafika huku?"

Arnaq alisogea pembeni ili kaka yake aione nguzo.

"Baba alijua," alisema.

Minik aligeuza uso, akamnyooshea blanketi. Arnaq alilipokea, akaifunika nalo ile nguzo taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Kisha akabaki amesimama, anatetemeka, maji yakianza tena kuingia.