Kipindi cha Pili

Jua la saa kumi na moja jioni lilikuwa bado linachoma, lakini Nzioki alikuwa amefunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni. Jasho lilimtiririka shingoni na hakulipangusa. Kibanda cha chai kilijaa mashabiki wa Kiganjo Stars wakiimba na kugonga meza, na mtu aliyenuna alikuwa mmoja tu. Stars walikuwa wametoka kuwafunga Gatongora Rovers tatu kwa mbili hapo hapo nyumbani, baada ya kutanguliwa mbili bila.

Hasira yake ilikuwa na sababu. Wakati wa mapumziko, Stars wakiwa nyuma kwa mabao mawili, Mburu, mwenyekiti wa mashabiki, alimshika mkono mbele ya halaiki ya watu, akamtembeza hadi langoni na kumwagiza mlinzi asimruhusu kurudi. Walisema Nzioki ana mkosi. Msimu huu alikuwa ametazama mechi tano za nyumbani na zote Stars wakapigwa. Ile moja aliyokosa, siku aliyoenda kuzika Kitui, wakashinda.

Na huyo waliyemtoa kama mwizi wa kuku ni fundi wa viatu ambaye kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akiwashonea wachezaji njumu bila kungoja hata ahsante.

Sasa Mburu alitaka jambo limalizwe rasmi: Nzioki asikanyage uwanjani mpaka ligi iishe. Alisema ushahidi kila mtu ameuona. Nzioki akiwa ndani, Stars wanalia. Nzioki akitolewa, mabao matatu.

"Na Sifuna aliyeingia kipindi cha pili hamkumuona?" Nzioki aliuliza. "Kocha anatoa mzembe, anaweka mtu wa kazi, halafu sifa mnanipatia mimi juu ya kufukuzwa."

Akawashukia sawasawa. Akasema kiungo kizima kilikuwa kimelala kipindi cha kwanza, na Muema alikuwa akikimbia na mpira kana kwamba anaupeleka kwao. Akasema hata lile bao la pili halikuwa ujanja wa mtu. Kipa wa Rovers aliteleza kwa sababu njumu yake ya kulia ilikuwa imeachia soli, na mshono wenyewe ulikuwa wa kulipua.

Mashabiki walitazamana. Wao walikuwa wamekaa mwisho ule mwingine wa uwanja, na walichoona ni kipa kuanguka tu.

"Hiyo ya soli umeambiwa na nani?" Mburu aliuliza.

"Mimi ni fundi," Nzioki alisema, akainamia chai yake iliyokuwa imepoa.

Ndipo Waceke, mpiga ngoma wa mashabiki, akamgeukia. Alisema kwa upole, na upole huo ukamuuma Nzioki kuliko kelele zote za Mburu.

"Baba Kaluki, hakuna mtu anakuchukia. Utakuwa unafuata mechi kwa simu. Tukibeba kombe, tutakuita ulishike."

Kwa simu. Ubavuni mwa ngoma ya Waceke ndipo alipokaa kila Jumamosi, mvua inyeshe au jua liwake. Thika nzima hakuwa na mahali pengine ambapo watu walimsogezea nafasi wakimuona anakuja. Akamchukia Mburu, akawachukia wote waliokuwa wakila chapati kana kwamba hakuna mtu anayehukumiwa.

Mburu aliomba wanaokubali wainue mikono. Mikono ikapanda, hata wa Waceke, ingawa wake ulichelewa.

Nzioki alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Hii kesi yenu inasimama tu kama mimi nilikuwa nje kipindi cha pili. Si ndiyo?"

"Ndiyo," Mburu alisema. "Na nilikutoa mwenyewe."

Nzioki alishika zipu, akaishusha mpaka chini. Ndani ya jaketi alikuwa amevaa jezi ya kijani ya Gatongora Rovers.

Wimbo ulikatika. Mtu mmoja huko nyuma akamwita msaliti, lakini Nzioki hakumjali. Aliwaeleza yote. Alizunguka ua wa kanisa mpaka upande wa pili wa uwanja, akanunua jezi ile kwa mchuuzi wa mashabiki wageni, akapita lango lao bila kuulizwa, akaketi nyuma ya goli la kipa wao. Mabao yote matatu aliyaona kwa macho yake, na yote matatu alijiuma ulimi asishangilie.

"Nilikuwa ndani," alisema. "Toka filimbi ya kwanza ya kipindi cha pili mpaka ya mwisho. Sasa huo mkosi wangu uko wapi?"

Mikono ilianza kushuka, mmoja baada ya mwingine. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Nzioki alisikia raha.

Waceke peke yake hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiitazama ile jezi.

"Ulikaa na wao?" aliuliza.

"Katikati yao kabisa."

"Wakati wanaongoza mbili bila?"

"Si nimesema toka mwanzo wa kipindi cha pili?"

Kisha Mburu akainuka polepole, akaokota kile kiti kilichoanguka, akakipangusa kwa mkono wa shati lake na kumkalisha Nzioki kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa tangu wajuane. Akamwagizia chai ya moto na chapati mbili.

"Jumamosi tunacheza na wale wa Kahawa Wendani," alisema. "Jezi yao ni ya bluu. Wewe unavaa saizi gani?"