Kiota Kisicho na Mlango

Enzi hizo Mnana alikuwa akisuka kiota huku akiimba, na jua la mchana likimzidi, alisinzia na unyasi mdomoni. Mkewe alimcheka, na hadi leo hana kumbukumbu tamu kuliko hiyo.

Kisha Kima, yule asiyetulia, akaja na kitawi cha mirungi. "Tafuna, bwana. Usingizi wa nini kwa fundi kama wewe?"

Mnana akatafuna. Macho yakamtoka pima, nyimbo zikaisha, chakula akakisusa. Akasuka bila kupumzika, hadi kiota kikawa kikubwa kuliko vyote mtini.

Mkewe akakizunguka, akakizunguka tena. "Baba Makinda, mlango uko wapi?"

Sauti kavu ikajibu kutoka ndani. "Mlango nitautia nikimaliza. Usinisumbue!"

"Na wewe utatokea wapi?"

Mara mbawa zikaanza kupigapiga ukutani.

Mke hakungoja. Akakifumua kiota kile cha fahari mpaka Mnana akaangukia tawini, amekonda, anatetemeka. "Umeifumua nyumba yangu!"

"Nimeifumua," akasema mkewe, akimfunika kwa bawa. "Sasa lala."

Akalala papo hapo, unyasi mdomoni, kama zamani.