Mstari Mguuni

Muuguzi alipofika wodini asubuhi, Mize ndiye aliyefunua shuka. Mguu wa mumewe, Machano, ulikuwa umevimba, mwekundu kama kaa la moto, na wekundu ule ulizungushiwa mstari wa wino. Ini la Machano lilikuwa limesinyaa kwa makovu, mwili hauna nguvu ya kupigana. Daktari aliyeuchora alisema wazi: wekundu ukivuka mstari, maradhi yanaingia kwenye damu.

Jasho lilianza kuufuta mstari ule jana jioni. Mize, fundi wa kuchora maharusi hina, aliomba kalamu akaurudia kila ulipoanza kufifia.

"Umenifanya bibi harusi," Machano alinong'ona, macho kayafumba. "Haya, wekundu umevuka?"

"Bibi harusi gani mwenye nyayo kama hizi!" Mize alimjibu, macho yake kwenye mstari.

Muuguzi aliinama. "Mama, hukuusogeza mstari?"

"Hata unywele!"

"Basi wekundu umerudi nyuma. Dawa imeshika."

Machano akafumbua macho. "Mimi nilisema kipele tu, nitachua kwa mafuta ya moto. Wewe ukanikokota kwa ukosi wa kanzu mpaka hapa. Ahsante, mke wangu. Ahsante sana."

"Nyamaza, usinilize mbele za watu."

Kati ya wino na wekundu kulikuwa na ukanda mwembamba wa ngozi iliyorudia rangi yake. Mize aliuwekea kidole, akaufuata taratibu kuuzunguka mguu, mpaka pale wekundu ulipokuwa bado unaugusa wino. Hapo kidole kikatulia.