Bei ya Vipeperushi vya Marehemu

"Sheria haijui bure, mama," kijana wa tume ya uchaguzi alirudia kwenye simu. "Andika bei ambayo mteja mwingine angelipa."

Glenys alichoka hata kubisha. Yeye na majirani zake hawakuwa chama, walitaka tu wagombea waahidi kwamba wodi ya wazazi ya hospitali yao haitafungwa. Vipeperushi vyao alivichapa mumewe bure kwenye mashine yake, wiki chache kabla ya kuzikwa.

Kimoja kilikuwa mezani, pembeni kina alama ya wino ya kidole gumba cha mumewe.

Kwenye ripoti ya gharama za kampeni aliandika bei kamili, ambayo mumewe angemtoza mgeni.

"Na chai niliyokuwa nikimpelekea?"

"Hiyo iache, mama."

"Iandike, mwanangu. Bila chai yangu alikuwa hawashi mashine."