Bei ya Jiko la Laban

Laban alitupa kuni mbichi motoni, akangoja moshi uchachamae, kisha akainamia jiko kama mtu anayenusa mchuzi. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kucheka. Alipoinuka, Mzee Obiero alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamchungulia macho. Alikuwa anatafuta machozi. Hayakuwepo.

"Umeona, Mzee? Moto una chumba chake huku pembeni. Moshi unapita hapa, unamkuta samaki, unatokea kwa bomba kule juu. Uso wa mama hauguswi."

Lilikuwa jiko la chuma kizito, na Laban alikuwa amelichomelea mwenyewe pale Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi. Hapa ufuoni Dunga wanawake wote walikausha samaki aina ya mbuta juu ya pipa lililokatwa, wakipepea kwa kipande cha katoni, nyuso wamezigeuzia ziwani.

"Bei?"

"Sitaki pesa, Mzee. Nalipa mahari kwetu Bungoma. Nataka yule dume wako mweusi."

Obiero alicheka, kisha akaacha ghafla. "Ng'ombe mzima kwa kitu cha kukaa kwa moshi?"

Lornah, mkewe, alikuwa amesimama nyuma yake. Pipa lilikuwa limemwachia macho mekundu na kikohozi kilichomtangulia njiani. Watu walijua anakuja kabla hawajamwona.

"Baba Apiyo," alisema, "huyo dume hata halimi. Anakula, analala, anatazamwa."

"Nyar Seme, wewe ni binti wa Seme, mambo ya boma hii hujui. Siku ya mambo ikifika, wageni nitawachinjia nini? Kuku?"

"Siku gani hiyo?"

"Siku ni siku."

"Basi iambie ije mapema, inisaidie kupepea."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Obiero hakucheka.

Na kusema kweli, shida haikuwa dume peke yake. Obiero alikuwa na kesi na wakubwa. Mwaka wa kura, bwana samaki mmoja, afisa wa uvuvi aliyeitwa Waliaula, alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akawatangazia akina mama kwamba majiko ya kisasa yanakuja, ya bure, kila mmoja na lake. Vigelegele vikapigwa. Tangu hapo kila mbuta aliyeshushwa pale alikatwa ushuru wa hayo majiko, na jiko halikuonekana hata mguu wake. Minofu ilienda viwandani, wakubwa wakajenga maghorofa, akina mama wakaachiwa mbuta wadogo na mgongo wazi, ile mifupa yenye kichwa.

"Ushuru wangu umeshanunua jiko," Obiero alimwambia Laban. "Wamelificha tu mahali. Nikinunua lingine, si nitakuwa nimewasamehe?"

"Sasa hapo unamkomoa nani, Mzee?"

"Hao hao."

Laban hakuchoka. Alirudi tena na tena kwa baiskeli yake, na kila mara Obiero alikuwa na swali jipya. Chuma hakitaoza na mvua? Linameza kuni kama treni? Mlango ukikwama je? Laban alijibu yote. Obiero akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, kisha akapitia ofisini kwa Waliaula.

"Yako njiani, Mzee. Ngoja kidogo tu," Waliaula alisema bila kuinuka kitini. "Ya nini ununue kitu cha bure?"

Jibu hilo Obiero alilitukana njia nzima. Alipofika nyumbani, akalitumia.

"Ni ya bure, Nyar Seme. Ngoja kidogo tu."

Lornah akangoja. Mvua za masika zikalowesha kuni. Akapepea, akakohoa, akapepea. Mwishowe alifunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwao Kombewa, kule Seme, kupumzisha kifua.

Samaki hawakumngoja. Obiero aliwasha pipa mwenyewe, mbele ya wanawake wote, akaanza kupepea. Hata safu ya kwanza ya samaki hakuimaliza. Alirudi nyumbani macho yamevimba, koo linawaka, akakaa mlangoni bila kula, akimtazama dume. Dume naye akamtazama, akitafuna polepole.

Lornah alirudi Ijumaa, nyuma ya pikapu, ndugu zake wamemzunguka. Safari hii hakuna aliyesikia kikohozi njiani.

Jumamosi asubuhi Laban aliingia langoni akisukuma jiko kwenye mkokoteni. Boma lilikuwa limejaa watu. Hata Waliaula alikuwepo, viatu vinang'aa, akimweleza jirani kwamba majiko yako njiani. Agneta, dada yake Lornah, aliwasha moto kwenye kile chumba cha pembeni. Moshi ukapita, ukapanda bomba, ukaenda zake juu. Wanawake walisogea mmoja mmoja, wakainamia wavu, wakainuka, wakatazamana. Hakuna aliyefikicha macho.

"Enyewe hii kitu inafaa bei yake," alisema Waliaula.

Obiero alimpita. Alikwenda nyuma ya nyumba, akamfungua dume kwenye kigingi, akamvuta katikati ya watu mpaka pale aliposimama Laban. Akamnyooshea kamba.

"Shika. Ulisema kweli. Linafaa."

Laban aliitazama ile kamba, akavua kofia.

"Hapana, Mzee. Huyu achinjwe, wakwe zako wametoka mbali. Jiko la matanga mimi naazimisha bure. Tukishamzika Mama Apiyo, nitalifuata."