Mwongozo wa Falme Saba

“Falme saba, lugha nne, na mwezi unaoongea! Shemeji, unataka kuwaua wasomaji wangu?”

Mhariri mkuu aliutupa mswada mezani, ukatua kwa kishindo. Mwandishi, mdogo wa marehemu mkewe, akatabasamu kwa upole wa kinafiki. Ndani alikuwa anachemka. Mtu huyu alimwacha dada yake na homa kali, akaenda zake mkutanoni mji wa mbali. Dada akaanguka ngazini usiku, akavunjika shingo. Ikasemwa alikuwa anafuata maji. Mdogo mtu ndiye aliyemkuta alfajiri, peke yake, ameshapoa. Bwana mkubwa alirudi kesho yake jioni, akalia machozi ya kuhesabika, na miezi mitano baadaye akaoa. Tena kwa tai mpya!

Basi, kisasi chake kilikuwa kitabu. Ndani yake alimweka mfalme anayechokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, kama shemeji vilevile, anayekwenda kuwinda huku malkia anaungua homa na mwisho anateleza ngazini akifuata maji. Zile falme saba zilikuwa pazia tu, shemeji asijione mapema. Alitaka shemeji auchape uozo wake kwa mkono wake mwenyewe, kisha mji mzima usome na kumnyooshea kidole. Akijitambua kabla ya kuchapa, kwisha habari: mswada ungeishia kapuni.

“Hadithi ni tamu,” akasema shemeji, njiti mdomoni. “Lakini msomaji hajui nani ni nani, wala nani anapoteza nini. Malkia anakufa, sawa. Halafu? Mfalme amepoteza nini?”

“Nipunguze falme?” akauliza mwandishi.

“Wewe? Utatuharibia. Niachie mimi. Nitaandika mwongozo wa kurasa mbili, ukae mwanzoni. Huu mswada nimeusoma mara tatu, naujua kuliko wewe.”

Hakujiona, jamani! Kichwa kikubwa hivyo, na hakujiona. Mwandishi alitoka pale akicheka peke yake mpaka mlinzi wa getini akamwangalia mara mbili.

Ijumaa akaitwa. Shemeji akamsomea mwongozo kwa sauti ya mtangazaji wa redio: ramani, koo, vita, mwezi na maneno yake. Kila kitu kilikuwa kimenyooka. Hata yeye aliyevitunga alikiri moyoni kwamba mtu huyu kazi yake anaijua.

“Sasa hapa ndipo penye uzito.” Akajikohoza. “‘Kumbe usiku ule malkia hakuwa anafuata maji. Alishuka ngazi na sanduku lake la bluu mkononi, anamkimbia mfalme moja kwa moja.’ Umeona? Hapo msomaji anashika roho mkononi! Ila hilo ulilificha mno, shemeji. Mpaka mtu asome mara tatu ndipo alipate.”

Mwandishi akaiinamia ile karatasi. “Hilo sanduku liko ukurasa wa ngapi?”

“Aa, kurasa mia sita zote nitazikumbuka? Umeandika mwenyewe, unaniuliza mimi!”

“Kweli, nimesahau.” Akamsogezea kalamu. “Umeniandikia vizuri mno. Niwekee sahihi yako hapo chini, na tarehe, niwe na kumbukumbu.”

Shemeji akatia sahihi kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukafika ukingoni mwa karatasi. Mwandishi aliikunja taratibu, akaitia kwenye mkoba, akaaga kwa adabu zote.

Sanduku hakuliandika popote. Alilichomoa mwenyewe vidoleni mwa dada yake alfajiri ile, kabla hajamwita mtu, akalificha ili marehemu asije akasemwa; hata mama yao hajui, sembuse mtu aliyesema usiku ule alikuwa mkutanoni mji wa mbali.