Nyayo Kwenye Jiwe la Mazeras

Wacera alikuwa ameshainua nyundo alipoviona vidole.

Alikuwa fundi wa kutandaza mawe, na asubuhi hiyo alikuwa akitengeneza ua wa nyumba moja mtaani Umoja. Bamba moja la Mazeras, jiwe la mchanga linalochimbwa pwani, lilikuwa limezidi kipimo kidogo, akalimwagia maji ili alikate.

Ulikuwa unyayo uliochapwa ndani ya jiwe: vidole vitano, vidogo kuliko punje za mahindi. Mbele yake unyayo mwingine, kushoto na kulia, na katikati mchirizi mwembamba wa mkia.

Aliweka nyundo chini, akapiga picha, akaituma makumbusho.

"Fundi, mbona umesimama?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Mama, kuna mnyama alipita hapa."

"Paka?"

Simu ikalia. Mtafiti wa makumbusho alimsihi asilikate bamba. Huyo, alisema, ni mnyama wa miguu minne aliyetembea topeni kabla ya dinosaria, wa ukoo uliotokana na samaki waliotoka majini.

Mama alivua ndara, akapiga magoti, akagusa unyayo kwa ncha ya kidole. Alitabasamu.

"Alikuwa anaenda wapi?"

Wacera alizifuata nyayo hadi ukingoni mwa bamba, zilipokatikia. Kisha wote wawili wakaligeukia rundo la mawe yaliyobaki, wakaanza kuyapindua.